Mahali Pasipofagiwa

Atimango alinipigia simu Jumatano akaniuliza kama magoti yangu bado yananibeba. Nikamwambia yananibeba mpaka uani na kurudi, zaidi ya hapo ni mapenzi ya Mungu. Akacheka kile kicheko chake kinachoanzia tumboni, akasema basi niyaandae, maana mjukuu wake Apio anaolewa Jumamosi na sherehe itakuwa kwenye jumba jipya, lile kubwa lenye vioo, ukishaipita Kansanga. Nilijua anasema wapi kabla hajamaliza. Halafu akasema taratibu, "Safina, si mimi niliyechagua. Ni watoto." Nikamwambia nitakuja. Urafiki wetu umepita mengi, hauwezi kushindwa na sakafu ya vigae.

Mjukuu wangu alinipeleka kwa gari mpaka mlangoni. Nilikuta miti ya kwenye vyungu, vijana wa ulinzi wenye kofia, muziki unaotikisa kifua, na watoto wa siku hizi wanaotembea huku wanatazama simu. Mtu mwingine angeona ukumbi wa harusi tu. Mimi nilisimama nje kidogo nikageuka mpaka kilima cha Muyenga kikakaa kwenye bega langu la kulia na upepo wa ziwa ukanipiga usoni. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunajua tulipo siku za ukungu. Nikahesabu kwa macho tu, bila kunyanyua kidole: hapa palikuwa na nyumba ya simu ya upepo, pale stoo yetu, kule nguzo ya bendera ya upepo iliyofifia rangi mpaka hakuna aliyekumbuka ilikuwa nyekundu au ya machungwa. Atimango alikuwa ameniona. Akaja na fimbo yake, gauni lake la gomesi, la zambarau, likiburuza, akanishika mkono bila salamu, akanipeleka ndani moja kwa moja mpaka karibu na nguzo moja ya ukumbi, ambako alikuwa ameweka viti viwili mbali na meza za wageni wakubwa. "Ni hapa?" akauliza. Nikatazama mlango, nikatazama dirisha na kilima nyuma yake. Nikamwambia ni hapa hapa. Tukakaa.

Mwaka ninaotaka kuueleza ndio mwaka wa mwisho wa ule uwanja mdogo wa ndege. Vijana wengi hawajui kwamba ulikuwepo. Haukuwa kama Entebbe. Ulikuwa wa manispaa, njia yake ya ndege ni udongo wa murram ulioshindiliwa, na ndege zake zilikuwa ndogo kiasi kwamba abiria aliulizwa uzito wake mbele za watu, na wanawake wanene walikuwa wanadanganya. Mbele ya jengo palikuwa na sakafu ya saruji yenye vinguzo vya kufungia ndege kwa kamba, na hapo ndipo wasafiri walisimama kusubiri kuitwa. Mimi na Atimango tulikuwa wasichana, tumeingia kazini mwezi mmoja. Yeye alitoka kwenye nyumba za polisi, baba yake koplo. Mimi nilitoka Katwe, na nilikuwa nimesoma kidogo tu, kiasi cha kusoma kibao cha "Usivute Sigara" na kuwaambia wenzangu kinasema nini. Tulikuwa wafagiaji. Wengine walikuwa Nakato, Rukia, Aber aliyekuwa na jicho moja jeupe, na mkubwa wetu Mama Zainabu. Wote nawaona. Wote wamekwenda isipokuwa sisi wawili.

Stoo yetu ilikuwa nyuma ya chumba cha simu ya upepo, na ukuta uliotutenga ulikuwa wa mbao zilizopishana, kwa hiyo tulisikia kila kitu kilichosemwa upande wa pili, hata kukohoa. Tulikuwa na jiko la mkaa, birika jeusi, fagio za vijiti zimeegemezwa pembeni, na harufu ya tangawizi, mafuta ya ndege na udi ambao Mama Zainabu alifukiza kila asubuhi ili, kama alivyosema, tusinuke kama gereji. Chakula cha mchana tulichanganya. Mama Zainabu alileta kisra, ile mikate myembamba yetu Wanubi, amekunja ndani ya kawa la kusuka la rangi nyekundu na kijani, pamoja na mchuzi wa bamia. Atimango alileta malakwang, majani yale machungu ya kwao yaliyopikwa na karanga za kusaga, na mara ya kwanza nilipoyaonja nikakunja uso, Mama Zainabu akaniambia nimalize kwa sababu siku moja nitaolewa na sijui mume atatoka na tumbo la wapi. Hapo wote walicheka wakanitazama, kwa sababu ilijulikana mume atatoka wapi. Alikuwa mwanawe.

Lakini kwanza nieleze tulivyofagia, maana bila hilo hamtaelewa. Kwetu msafiri akitoka hufagii nyuma yake mpaka usikie amefika. Ukifagia, unafuta njia yake. Atimango alisema kwao ni hivyo hivyo, na Nakato akasema bibi yake Masaka angekupiga na huo ufagio. Sasa sisi tulikuwa tumeajiriwa kufagia mahali ambapo kila siku watu wanaondoka, na msimamizi wetu, Bwana Kizito, mtu wa kaptura iliyopigwa pasi na soksi mpaka magotini, alitaka sakafu ing'ae mara tu ndege inapoinuka. Mama Zainabu ndiye aliyepata njia. Ndege ikiinuka tulianza mbali: tulifagia kwenye ua wa magari, tukaja vyooni, tukaja varandani, tukisogea polepole huku sikio liko kwenye dirisha la Mzee Lubega, mtu wa simu ya upepo. Yeye ndiye aliyesema na viwanja vingine. Mwanzoni hakujua tunasubiri nini, alipojua, akawa anatoa kichwa dirishani mwenyewe, vile vitu vya masikioni vikimning'inia shingoni, anasema, "Arua wamefika." Au Kasese, au Moroto. Basi hapo ndipo tuliingia pale waliposimama tukafagia nyayo zao. Kuna siku mfanyabiashara mmoja wa Kabalagala aliacha maganda ya ndizi pale aliposimama, mvua ikachelewesha habari, maganda yakalala pale na nzi juu yake. Bwana Kizito akauliza kama tumeanza shamba. Mama Zainabu akamjibu kwa heshima, "Bado yuko angani, ssebo. Akishuka tutamfagia." Bwana Kizito alikwenda zake akitikisa kichwa, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Ramadhani, huyo mwana wa Mama Zainabu, alikuwa fundi wa injini kwa tajiri mmoja aliyekuwa na ndege mbili za mizigo. Hakuwa mrefu, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko mwili wake. Viatu vyake vilikuwa vimelowa oili siku zote, na alikuwa na tabia ya kukatiza sakafu yangu, si ya Rukia wala ya Aber, ya kwangu, akiacha alama nyeusi. Nikimlalamikia ananiambia, "Nakuachia kazi, wasije wakakufukuza." Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu, siku zile hakuna aliyekaa na mtu mkahawani. Mama yake alipeleka kawa kwa wazee wangu, na ndani yake nguo mbili, manukato na sukari, wazee wakapokea, ikakubaliwa tutaoana mwezi wa Ramadhani ukiisha, na watu wakafanya mzaha kwamba Ramadhani akiisha itakuwaje. Mzaha ule nilicheka mimi pia. Siwezi kuusikia tena mpaka leo.

Asubuhi aliyoondoka, ndege moja ya tajiri wake ilikuwa imekwama Bunia, upande wa Kongo, injini imekataa. Rubani wa ile ya pili alikuwa Kapteni Petro, mzee mpole aliyependa chai yetu. Ilikuwa aende na Ramadhani pamoja na vipuri, watengeneze, warudi baada ya siku chache. Ramadhani alisimama kwenye sakafu karibu na kinguzo cha tatu, sanduku la spana miguuni. Mama yake akamletea kisra zilizofungwa kwenye kitambaa cheupe alichokitarizi mwenyewe, akamwambia, "Kitambaa changu nakitaka." Hakumwambia neno jingine. Yeye akapokea, akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama na ufagio, akaukandamiza mguu wa kulia kwenye saruji makusudi, akauinua. Kiatu chote kikabaki pale kwa oili, kisigino na mistari. Nikamwambia atarudi atakuta nimekisugua. "Wewe ngoja kwanza nifike," akasema, akaenda.

Tulianza kufagia mbali kama kawaida. Ua wa magari, vyoo, varanda. Ilipofika saa ya chakula Mzee Lubega alikuwa hajatoa kichwa. Kupitia zile mbao tulimsikia akiita, anataja herufi za ile ndege, ananyamaza, anataja tena, na chombo kinamjibu kwa ule mlio wa mafuta kwenye kikaango. Mama Zainabu aligawa chakula. Hakula. Tulirudi tukafagia vyoo tena, tukafagia ua tena, Nakato akafagia mpaka barabarani ambako si kazi yetu, na hakuna aliyetaka kumaliza, kwa sababu ukimaliza utasimama na ukisimama utatazama dirisha. Jioni Mzee Lubega alitoka mlangoni, si dirishani. Akasimama mbele ya Mama Zainabu akasema Bunia hawajawaona. Labda wameteremka mahali pengine. Mama Zainabu akamshukuru, akachukua kawa lake.

Siku zilizofuata walisema ndege nyingine imepita juu ya milima kutafuta, mawingu yakawazuia. Baadaye walisema hakuna cha kutafuta. Tajiri alikuja kuwaambia wazazi wa pande zote mbili wawe na subira, akanywa chai, akaondoka, na mwezi uliofuata akauza ile ndege nyingine. Hapakuwa na mwili, hapakuwa na habari, na kwa hiyo hapakuwa na matanga. Pale kinguzo cha tatu tuliparuka. Tulifagia kuzunguka, vumbi likajikusanya, jani likaja likakaa, na katikati ile alama ya kiatu. Mama Zainabu hakutuagiza. Kila mmoja alipofika pale ufagio ulijigeuza wenyewe.

Bwana Kizito alivumilia. Lakini ikaja siku ya mkubwa mmoja wa manispaa kutembelea, na asubuhi ile Bwana Kizito akasimama pale akauliza kwa nini pamebaki uchafu. Akanyanyua ufagio mwenyewe, na Mama Zainabu, ambaye tangu nimjue hakuwahi kumpinga mtu wa ofisi, akaenda akasimama juu ya ile sehemu, miguu pande mbili za ile alama asije akaikanyaga. Akamwambia, "Ukitaka pawe safi, nifagie mimi kwanza." Bwana Kizito alirudisha ufagio ukutani. Akaondoka, tukajua kazi imekwisha, Aber akaanza kulia kwa ajili ya watoto wake. Kumbe mtu yule alikwenda gereji. Alirudi akisukuma pipa tupu kwa mguu, lililokatwa upande mmoja, akaligeuza akafunika ile sehemu yote bila kugusa hata jani. Halafu akavua saa yake, akakunja mikono ya shati, akalipaka chokaa. Mkubwa alipouliza, tulimsikia akimweleza kwamba pale pamehifadhiwa mchanga wa kuzimia moto. Tangu siku ile Atimango alikuwa anamwekea kikombe cha kwanza cha chai.

Nilikuwa naenda kwa Mama Zainabu kila Ijumaa. Chumba chake kilikuwa Katwe ya chini, kati ya mafundi wa bati, na nyundo zao zilianza alfajiri zikanyamaza magharibi, kwa hiyo watu wa pale walizoea kusema kwa sauti ya juu hata mambo ya siri. Kitanda cha Ramadhani kilikuwa nyuma ya pazia, kimetandikwa. Tulipokaa kula alipanga sahani tatu, na hakuomba radhi kwa ile ya tatu wala hakuitazama. Nje, majirani wakigonga na kukunja mabati, nilisikia mwanamke mmoja akimuuliza mwenzake, yule ndiye mjane? Mwenzake akasema mjane wa nani, hata hakuolewa. Wakaendelea kubishana kama nimeshakuwa mjane au bado, kama watu wanaobishana bei ya nyanya. Mama Zainabu alisikia pia. Aliniongezea bamia kwenye sahani. Nilikuwa bado msichana, na nilikuwa sijui niko upande gani wa mlango. Kwetu walianza kuniuliza kidogo kidogo nitakaa hivi mpaka lini. Kulikuwa na dereva wa lori, Juma, aliyekuwa ameniulizia. Niliwaambia Ramadhani hajafika. Ndivyo nilivyokuwa nasema, hajafika, na mtu akisema amekufa nilikuwa nainuka nakwenda zangu.

Halafu wakaja wapima ardhi. Walitembea na kamba zao kwenye njia ya ndege, wakapigilia vijiti vyenye vitambaa vyekundu, na Atimango akasema labda watatuwekea lami. Kupitia zile mbao ndipo tulipojua. Bwana Kizito alikuwa anamwambia Mzee Lubega kwamba mwisho wa mwaka uwanja unafungwa, ndege zitakwenda Entebbe, ardhi watajenga nyumba na maduka, mji umekua na sisi tumekaa katikati ya njia yake. Mzee Lubega akauliza simu ya upepo itapelekwa wapi. Bwana Kizito akasema itang'olewa. Upande wetu birika lilikuwa linachemka na hakuna aliyeliondoa. Wenzangu walikuwa wanafikiri watakula nini. Mimi nilimtazama Mama Zainabu, na alikuwa anatazama ile sehemu ya ukuta ambako ile sauti ya kuita ilikuwa inatokea, kwa sababu Mzee Lubega alikuwa bado anaziita zile herufi kila asubuhi kabla ya kazi, mara moja tu, bila kuambiwa na mtu. Ikiondoka ile simu, nani atatoa kichwa dirishani?

Ndege zilipungua. Moja baada ya nyingine ziliinuka na hazikurudi, na kila iliyoinuka tulisubiri, na Mzee Lubega akasema, "Entebbe wamefika," mpaka ikabaki kimya. Kalooli wale ndege wakubwa wenye upara wakateremka wakatembea kwenye njia ya murram kama maofisa. Siku ya mwisho lori lilikuja kuchukua viti na meza. Mafundi walikuwa wanasubiri nje kung'oa mlingoti. Mzee Lubega akafungua mlango akatuita tuingie wote, mara ya kwanza kuingia chumba kile. Nilishangaa kilivyokuwa kidogo, na upande wa pili wa zile mbao kiti chake kilikuwa kimeziegemea, kumbe siku zote hizo mgongo wake ulikuwa karibu na jiko letu. Akaita zile herufi. Tukasikiliza ule mlio. Akaita tena. Kisha akavua vile vitu vya masikioni, akakipeleka kile kipaza sauti kwa Mama Zainabu, akamwonyesha pa kubonyeza.

Alikishika kwa mikono miwili. Hakujua aseme kwa sauti gani, akaanza kwa sauti ya Katwe, ile ya kushinda nyundo, halafu akaishusha.

"Ramadhani, mimi mama yako," akasema. "Wanafunga hapa. Ukija usitue hapa, mwanangu, kutakuwa na nyumba. Shukia Entebbe, uulize njia ya Katwe. Nipo pale pale."

Akaachia. Chombo kikakaanga kidogo. Mzee Lubega akazima, na mpaka pale nilikuwa sijajua kwamba chombo kile kikizimwa kinalia kama kufuli likifungwa.

Tulitoka nje. Bwana Kizito alikuwa amelisogeza pipa, kwa sababu watu wa lori walitaka mapipa yote, na alikuwa amesimama pale kwenye kinguzo akiwazuia wasipite. Pale chini vumbi lilikuwa vile vile, na lile jani limekauka. Niliona ni zamu yangu. Mimi ndiye niliyeahidi kusugua, na watu wote walikuwa wananitazama mimi. Nikachukua ufagio. Mama Zainabu akaniwekea mkono juu ya mkono wangu, akasema maneno ambayo nimeishi nayo.

"Wewe hapana. Ukifagia wewe, utaolewa huku moyo unakuuliza kila siku kwa nini uliinua mkono. Mimi nilimzaa, mimi nitafagia. Na wewe usirudi kufagia hapa tena, hata kwa mawazo."

Akafagia. Alifagia kama alivyotufundisha, ameinama kiunoni, mkono wa kushoto mgongoni, bila kurusha vumbi. Hakuacha pembe. Jani likaenda, vumbi likaenda, akalikusanya kwenye kawa lake, lile la chakula. Na vumbi lilipotoka, ile alama ya kiatu ilikuwa pale, nyeusi, imeiva zaidi kuliko siku aliyoiacha, kwa sababu pipa liliikinga na mvua na jua. Kisigino na mistari yote. Alisimama akaitazama. Nilifikiri ataomba maji na sabuni. Akampa Atimango ufagio, akasema, "Hii siyo kazi ya ufagio," akafunika kawa, akatembea kuelekea barabarani bila kugeuka. Kesho yake greda liliingia. Mimi sikwenda kuona, lakini Atimango alikwenda, na alisema walianza na sakafu.

Wiki ile ile Mama Zainabu alikuja kwa wazee wangu, amevaa vizuri, amejifukiza udi, akawaambia anawarudishia binti yao na vile alivyoleta wabaki navyo. Aliongeza kwamba amesikia kuna dereva, na kwamba ameulizia tabia yake mwenyewe na haina neno. Nilipoolewa na Juma yeye ndiye aliyeongoza nyimbo. Juma alikuwa mume mwema, Mungu amrehemu, tumezaa na tumezika pamoja. Hakuna siku aliyoniuliza kwa nini akisafiri na lori nilikuwa sifagii mpaka anitumie salamu. Mama Zainabu aliishi miaka mingi, na mpaka mwisho alikuwa Katwe ile ile, ingawa watoto wa dada yake walimjengea Bombo. Alipofariki, nilipomwosha, nilikuta kile chumba kimefagiwa kila mahali, hata nyuma ya pazia.

Haya yote yalikuwa kichwani mwangu huku watu wanacheza. Apio alikuja kutuaga, jasho na poda usoni, akapiga magoti mbele ya bibi yake, kisha mbele yangu. Walikuwa wanakwenda Entebbe kwenye hoteli ya ziwani. Gari liliondoka na makopo yakigonga nyuma, wageni wakaanza kupungua, na msichana wa usafi, amevaa sare ya kijani, akaja na ufagio mpana wa nailoni aanze na chini ya meza za maharusi. Atimango akamnyooshea fimbo yake. Akamwambia, "Binti, ngoja kwanza. Wacha wafike." Yule msichana akasema bosi wake anataka ukumbi, kuna wengine jioni. Atimango akamwambia aanze nje kwenye magari, aende vyooni, aje taratibu. Msichana akacheka, akatutazama vikongwe wawili, na sijui aliona nini, akaenda nje kweli. Tukakaa. Mkono wa Atimango ulikuwa juu ya simu yake mapajani kama mtu aliyeshika kifaranga, na mimi niligundua kwamba nasikiliza dirisha.

Simu ikalia. Sauti ya Apio ilikuwa kubwa, tuliisikia sote. "Jjajja, tumefika." Atimango akamwita yule msichana kwa fimbo, akamwambia sasa fagia mwanangu, fagia vizuri. Akafagia karatasi za rangi, maua, mifupa ya kuku, mchele uliorushwa, akazunguka nguzo moja baada ya nyingine mpaka akafika kwetu. Akasimama. Akauliza kwa adabu, "Na hapa mlipokaa, Hajati, mnasubiri bado?"

Nikamwambia hapa palishafagiwa zamani. Akatazama chini ya kiti changu, kulikojaa mchele na maua, akanitazama usoni, hakubisha kwa sababu amelelewa vizuri. Atimango alikuwa ameshanipa mkono. Nikainuka, magoti yakanibeba, nikampisha apite.